Tunamwita Injinia: shajara ya kumtafutia Nakuru gavana

Jumamosi, 4 Oktoba 2025. Kaptembwa

Tumeanza. Tulikuwa watu tisa kwenye viti vya kukodi nyuma ya kibanda changu cha fotokopi. Mvua ilitukuta hapo hapo, tukaingia ndani, wengine wakasimama kati ya mashine na ukuta. Nimechaguliwa katibu kwa sababu karatasi na wino ni vyangu. Mweka hazina ni mama anayeuza viazi Soko la Wakulima. Chama chake cha akina mama hakijawahi kupotelewa na shilingi kumi. Wengine ni vijana wawili wa bodaboda, mwalimu mstaafu kutoka Njoro, kijana aliyemaliza Chuo Kikuu cha Egerton na bado anasaka kazi, fundi cherehani wa Bondeni, mzee wa Nyumba Kumi kutoka Rhonda, na muuguzi wa kliniki ya kibinafsi ambaye ameomba jina lake lisiandikwe popote. Basi sitaandika la yeyote.

Tulikubaliana jambo moja kabla ya chai. Hatumtafuti anayeutaka ugavana. Wanaoutaka ni wengi, na mabango yao yameanza kuota kwenye nguzo za stima hali uchaguzi ni 10 Agosti 2027. Tunamtafuta anayeufaa, tumwendee kwake, tumwombe. Mzee wa Rhonda akasema hiyo ni posa, na posa haiendi mikono mitupu. Akauliza tunabeba nini. Hakuna aliyekuwa na jibu, nikaandika swali lake juu kabisa kwenye daftari.

Mtu tunayemfikiria ni mhandisi wa maji. Wanne kati yetu walimwona mara ya kwanza mwaka 2024, baada ya mafuriko ya Mai Mahiu ya usiku wa kuamkia 29 Aprili yaliyoua makumi ya watu. Alisimama kwenye baraza na kipande cha chaki, akachora mlima, bonde na reli, akaeleza maji hupita wapi yakinyimwa njia. Mama mmoja akamuuliza swali gumu kuhusu mahali pa kujenga upya. Akajibu: "Hilo sijui. Nitauliza, nitarudi Alhamisi." Alhamisi akarudi, na jibu halikuwa tamu, lakini alilileta mwenyewe. Kijana mmoja wa bodaboda alikuwa pale. Tangu siku hiyo humwita Mtu wa Alhamisi.

Nakuru tumeshakuwa na magavana watatu: Kinuthia Mbugua aliyeingia 2013, Lee Kinyanjui 2017, na Susan Kihika 2022. Wawili wa kwanza waliomba muhula wa pili wakanyimwa. Mwalimu anasema hiyo inaonyesha wapiga kura wa hapa hawaogopi kubadilisha. Mimi naona pia kwamba kubadilisha tunajua, ila kuandika mapema tunachokitaka ndiko hatujawahi kujaribu.

Jumanne, 7 Oktoba

Mwalimu alikuja na Katiba yenye jalada lililochanika, tukasoma mpaka umeme ukapotea. Sheria ya uchaguzi inataka gavana awe na shahada ya chuo kikuu, Injinia anayo. Lakini yeye ni mtumishi wa umma. Mtumishi wa umma anayetaka kugombea lazima ajiuzulu angalau miezi sita kabla ya siku ya kura, yaani mapema Februari 2027, na akiwa bado kazini haruhusiwi kujiingiza katika shughuli za chama wala za mgombea.

Hili limegeuza kazi yetu yote. Hatuwezi kumwalika mkutanoni. Hatuwezi kupiga naye picha. Jina lake likichapishwa kwenye fomu zetu, tutakuwa tumemharibia kazi mtu ambaye hata hajatuma neno la kukubali. Kwa hiyo jina halitatajwa, kwenye karatasi wala kwa mdomo. Katika shajara hii ataitwa Injinia, na mainjinia ni wengi.

Fomu itasema hivi: sisi wakazi wa wadi fulani tunataka gavana atakayekubali masharti haya, na atakayeyakubali tutamtafutia kura. Tumejiwekea lengo la saini 100 katika kila wadi. Kaunti ina wadi 55, hivyo ni saini 5,500. Hizi si zile saini ambazo mgombea huru hupeleka kwa Tume ya Uchaguzi. Hizo zitakuwa na wakati wake. Hizi ni zetu, za kumwonyesha kwamba hatukuja peke yetu.

Jumamosi, 11 Oktoba

Siku mbaya. Tuligawana Kaptembwa, Rhonda na Shabab tangu asubuhi, na jioni tulikuwa na saini 14.

Kosa lilikuwa letu. Fomu ilikuwa na nafasi ya nambari ya kitambulisho. Mama mboga mmoja aliiangalia, akairudisha kama kitu cha moto. Akasema mwaka 2021 alifungua simu akajikuta ni mwanachama wa chama asichowahi hata kukanyaga ofisi yake. Watu wengi wanaikumbuka Juni ile, pale Wakenya walipoanza kuangalia majina yao kwenye sajili ya vyama na kukuta wameandikishwa bila kuulizwa. Hakuna aliyesahau. Tuliwaambia sisi si chama. Wakajibu kwamba hata wale walisema hivyo.

Usiku nimeifuta nafasi hiyo. Imebaki: jina, wadi, na simu kwa anayependa. Nimeongeza mstari unaosema karatasi itakaa wapi, nani ataiona, na kwamba mtu akitaka jina lake litolewe litatolewa. Sheria ya kulinda data ya 2019 inataka hayo, lakini hata isingetaka, mtu anayekupa jina lake amekukopesha, na mkopo una masharti. Nimechapa fomu 300 upya. Zile za kwanza nimezichoma nyuma ya kibanda, zote, pamoja na zenye saini 14. Nitawarudia wale 14 mmoja mmoja.

Jumatano, 15 Oktoba

Asubuhi habari zimefika kwamba Raila Odinga amefariki huko India. Steji ya bodaboda ilinyamaza. Nimeona watu wazima wakilia hadharani mbele ya duka la M-Pesa, wengine wakiwa ni wale waliombishia miaka yote. Tumesimamisha kila kitu mpaka baada ya mazishi ya Bondo.

Naandika moja tu. Mzee wa Rhonda alikuwa Nakuru siku za kudai vyama vingi. Aliketi kwenye benchi langu karibu saa nzima, akasema: "Katiba hii mnayoisoma kwa tochi, kuna watu walifungwa kwa ajili yake." Alifungwa Raila, na walifungwa wengine ambao majina yao hayakuwahi kusomwa redioni. Ugavana wenyewe ni tunda la Katiba ya 2010. Nimelala nikilifikiria hilo.

Jumamosi, 25 Oktoba. Rhonda

Tumerudi kazini na swali la mzee: tunabeba nini? Leo tumeketi kwa muda wa saa tano kuandika masharti, na nimejifunza mengi kuliko nilivyotarajia.

Tulianza kwa kumwacha kila mtu aseme. Ukuta ukajaa: polisi wanaokula hongo, karo ya sekondari, mishahara ya wafanyakazi wa maua Naivasha, barabara kuu ya kwenda Nairobi, dawa, maji, taa za barabarani, jaa la Gioto, watoto wa chekechea wanaosoma chini ya mabati. Ndipo mwalimu akafungua Jedwali la Nne la Katiba, linalogawa kazi kati ya serikali kuu na kaunti. Tukaanza kuhamisha karatasi. Polisi: serikali kuu. Sekondari: serikali kuu. Barabara kuu na sheria za kazi: huko huko. Kwa kaunti zikabaki zahanati na hospitali za kaunti, maji, masoko na ada zake, takataka, barabara za ndani, kilimo, elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini.

Fundi wa Bondeni alikasirika. Alisema miaka kumi na miwili amekuwa akimlilia gavana kuhusu mambo ambayo gavana hana mamlaka nayo, na wagombea wote walimwahidi hayo hayo, na hakuna hata mmoja aliyemwambia. Namwelewa. Kumwahidi mtu kitu usicho na mamlaka nacho ni kumwibia, na mwizi wa namna hiyo hashikiki, kwa sababu aliyeibiwa hajui kilikuwa cha nani.

Masharti yakawa sita. Sitayaandika yote hapa. Yamebandikwa kibandani, anayetaka aje asome. Tuliyoyapigania zaidi ni mawili. La kwanza, kila robo ya mwaka gavana achapishe kwa Kiswahili, wadi kwa wadi, fedha zilizopangwa, zilizofika na zilizotumika, na abandike karatasi hiyo mlangoni kwa chifu, zahanati na sokoni. Si kwenye tovuti peke yake. Mama wa viazi ndiye aliyeshikilia kwamba iwe sokoni. La pili, anayelipa ada ya soko asichukuliwe bidhaa bila karatasi inayotaja kosa, kifungu na mahali pa kuzidai. Muuguzi alitaka sharti la dawa liwe na idadi: kila zahanati iandike ukutani dawa gani imekwisha na tangu tarehe gani. Limepita bila kupingwa.

Jumapili, 9 Novemba. Molo

Nataka kuandika siku hii kwa utulivu, kwa hiyo nimesubiri mpaka usiku.

Tulifika watu watano. Wenyeji walikuwa kama arobaini, wengi wakulima wa viazi, nusu wanawake. Mkutano ulikuwa kwenye uwanja wa kanisa, lakini si mkutano wa kanisa. Mtu wa kwanza kusimama hakuuliza masharti. Aliuliza: "Huyo mtu wenu ni wa kabila gani?"

Hapa Nakuru swali hilo halitoki hewani. Molo iliungua 1992, Njoro ikaungua baada ya uchaguzi wa 1997, na mwanzoni mwa 2008 kaunti nzima iliona damu, Nakuru mjini na Naivasha. Watu wamezoea kwamba gavana akitoka upande huu, naibu wake atoke upande ule, na wengine wote, Wakisii, Waluhya, Waluo, Waturkana, Waogiek, watafutiwe kiti mahali pengine. Wapo wanaosema mpango huo ndio umetupa amani. Siwezi kuwacheka. Aliyelala msituni na watoto hawezi kuambiwa na mtu wa fotokopi kwamba ukabila ni ujinga.

Nilijibu ukweli: hatuwezi kusema, kwa sababu hatujamuuliza, na tukimtaja tunaweza kumharibia kazi. Wakaguna. Mmoja akasema tumewaletea mbuzi ndani ya gunia. Nikasema basi tuliache gunia, tusome masharti, na mtu akiona sharti linalomwumiza aseme.

Sikupanga lililofuata. Kwa kuwa jina halikuwepo, hawakuwa na pa kushikia. Walibishana kuhusu uzito wa gunia la kiazi, na kwa nini sheria ya kilo 50 haimlindi mkulima barabarani. Walibishana kuhusu barabara ya ndani inayofunga kila masika, viazi vikaoza shambani. Mkulima mmoja, ambaye kwa lafudhi ningesema ni wa upande mmoja, akaungwa mkono na jirani wa upande wa pili, na hakuna aliyegundua mpaka tulipokuwa tunanywa chai. Hapo ndipo nimeelewa kwamba ule mwiko wa kutotaja jina, uliotukera mwezi mzima, umetupa saa mbili ambazo wagombea wa hapa hawajawahi kuzipata.

Bibi mmoja mkongwe alinishika mkono nikiondoka. Alisema amekimbia nyumba yake mara mbili, 1992 na 2008, na mara zote mbili hakuna aliyemuuliza anataka nini kwa kaunti wala kwa wilaya. Akatia dole gumba, kwa kuwa hajui kuandika. Kisha akasema: "Mkija tena, ongeeni Kiswahili hivi hivi. Mkianza lugha za nyumbani mimi nitajua ni wakati wa kufunga mizigo."

Tumeliandika kuwa kanuni. Kila mkutano ni Kiswahili.

Saini za Molo: 37.

Jumamosi, 22 Novemba. Keringet

Kanuni ya Kiswahili imekutana na mtihani wiki mbili tu baada ya kuzaliwa. Kuresoi Kusini wapo wazee ambao Kiswahili kinawachosha. Mzee mmoja alisimama akaongea kwa lugha yake, na kijana wa bodaboda, kwa kuogopa kanuni, akamkatiza. Nilitaka ardhi inimeze. Mzee aliketi, hakusema tena.

Nimemwendea baadaye nikamwomba radhi. Alinisikiliza, akaniambia yaliyokuwa moyoni mwake kupitia kwa mjukuu wake: chemchemi iliyo juu ya shamba lake inakauka kila mwaka mapema zaidi, na hakuna aliyekuja kuipima. Hilo limekuwa sharti la saba. Kanuni tumeirekebisha: kila mtu aseme kwa lugha anayoiweza, na kila neno lifasiriwe kwa Kiswahili mbele ya wote, pale pale, bila kufupishwa. Nadhani bibi wa Molo angekubali. Alichokuwa anaogopa ni siri.

Jambo jingine la huko. Tume ya Uchaguzi ilifungua tena uandikishaji wa wapiga kura tangu 29 Septemba, lakini kwa kawaida ni kwenye ofisi za maeneo bunge na vituo vya Huduma. Kwa kijana wa kijiji cha mbali hiyo ni nauli ya kwenda na kurudi na siku nzima ya kibarua. Vijana wetu wawili wameamua kubeba watu bure kila Ijumaa. Ijumaa ya jana walipeleka sita.

Ijumaa, 28 Novemba

Jumla: saini 1,046. Wadi zilizofikiwa 19 kati ya 55. Naivasha na Gilgil bado hatujagusa. Jana kulikuwa na chaguzi ndogo sehemu mbalimbali za nchi, na steji nzima ilikuwa inafuatilia matokeo ya Malava na Mbeere Kaskazini kana kwamba ni zetu.

Jumamosi, 29 Novemba

Leo tumegawanyika. Naiandika jinsi ilivyokuwa.

Mwanakandarasi mmoja alimpigia mweka hazina. Amesikia kazi yetu, anaipenda, na yuko tayari kutoa shilingi 200,000 zitusaidie usafiri na kuchapisha. Hataki chochote. Hazina yetu siku hiyo ilikuwa na shilingi 6,340, na hiyo ni michango ya ishirini ishirini na hamsini hamsini kwa M-Pesa.

Kijana wa Egerton alisema tuchukue. Hoja yake haikuwa ya tamaa. Alisema wenye magari manane ya kampeni hawatatusubiri tumalize kukusanya ishirini ishirini, na watu wa Naivasha hawatatusaini kwa kuwa tuna roho safi; watatusaini tukifika, na kufika ni mafuta. Mwalimu akajibu kwamba mtu anayeishi kwa kandarasi za barabara hawezi kukosa kutaka chochote kwa gavana. Muuguzi akauliza: Injinia akijua, atatufikiria vipi? Mama wa viazi, ambaye kwa kawaida huongea mwisho, akasema: "Mahari tukikopa, bibi harusi ndiye atakayelipa."

Tulipiga kura kwa karatasi. Tano dhidi ya nne, tumekataa. Mimi nilikuwa kati ya watano, na ilikuwa vigumu, kwa sababu wino unakwisha na ninajua bei yake. Kijana wa Egerton amejiondoa. Amerudisha fomu zake zote zikiwa zimepangwa kwa wadi, safi, bila kuchelewesha hata moja. Ninamheshimu na nitaendelea kumwambia habari. Nafasi yake imekaa wazi.

Tumeweka kiwango: mtu mmoja asitoe zaidi ya shilingi 1,000 kwa mwezi, na orodha ya michango ibandikwe kibandani kila Jumatatu.

Jumamosi, 13 Desemba. Njoro

Chama au mgombea huru? Tumejadili kwa mwalimu, chini ya mwavuli.

Kwa upande wa gharama, ada ya kupeleka karatasi za ugavana kwa Tume ya Uchaguzi ni shilingi 50,000, na kwa mwanamke, kijana au mwenye ulemavu ni nusu yake. Chamani kuna ada zao nyingine, kuna mchujo, na mchujo una mambo yake. Mgombea huru naye lazima awe hajawa mwanachama wa chama chochote kwa angalau miezi mitatu kabla ya siku ya uchaguzi.

Ushindi wa mgombea huru si ndoto. Mwaka 2017 Laikipia ilimchagua Ndiritu Muriithi na Isiolo ikamchagua Mohamed Kuti, wote bila chama. Mwaka 2022 Meru ikamchagua Kawira Mwangaza vivyo hivyo. Lakini Meru ndiyo inayotupa somo. Bunge la kaunti lilimng'oa zaidi ya mara moja, Seneti ikamwondoa Agosti 2024, na Mahakama Kuu ikakubali uamuzi huo Machi 2025. Siingii katika nani alikuwa na haki. Ninachokiona ni hesabu: thuluthi mbili ya wawakilishi wadi inatosha kumpeleka gavana Seneti, na gavana asiye na chama anaingia bungeni hana mtu hata mmoja wa kwake.

Kwa hiyo kumwita gavana peke yake ni kumwita mtu akalale nyumba isiyo na ukuta. Tumekubaliana kila wadi tunayokusanya saini tuulize pia: hapa kwenu, ni nani angefaa kuwa mwakilishi wadi na hajawahi kujitokeza? Orodha ina majina 11 hadi leo. Saba ni wanawake. Hatukupanga iwe hivyo. Tulipouliza "nani hurudi Alhamisi?" watu walitaja wao.

Uamuzi wa chama tumeuacha. Si wetu, ni wake.

Jumamosi, 10 Januari 2026

Krismasi ilikula wiki tatu. Saini: 2,218. Wadi: 31.

Leo tumekwenda kwa Injinia. Tulimwandikia barua mwezi uliopita tukiomba kumwona kama mkazi, nyumbani kwake, siku isiyo ya kazi. Alijibu kwa mistari miwili: tuje watatu, tusije na simu za kupiga picha, na mazungumzo ya siasa hatayajibu. Tulikwenda mimi, mama wa viazi na mzee wa Rhonda. Mama alibeba debe la viazi. Hiyo haikuwa ishara ya chochote. Hatungeingia nyumbani kwa mtu mikono mitupu.

Mzee alizungumza kwanza, kwa utaratibu wa posa hasa: tumetoka mbali, tumeona kitu kizuri katika nyumba hii, hatukuja kubomoa, tumekuja kuomba. Injinia alitabasamu kidogo. Nikampa masharti na jedwali la saini kwa wadi, bila majina ya watu. Alisoma yote, polepole, akiwa na kalamu mkononi. Alisahihisha jambo moja: sharti letu la maji lilichanganya kazi za kampuni ya maji na kazi za idara ya kaunti. Alieleza tofauti. Sharti la chemchemi aliliwekea alama ya tiki.

Kisha akafunga karatasi. Alisema hawezi kusema ndiyo wala hapana, na tusitoke pale tukawaambia watu kwamba amesema lolote. Tukaahidi, na ndiyo maana naandika hapa kwamba hajasema lolote. Lakini aliuliza swali, akasema analiuliza kama mama wa watoto wawili na binti wa mama mgonjwa.

"Mnaniita niache mshahara. Nyinyi mtaacha nini?"

Hakuuliza kwa hasira. Alimwangalia kila mmoja wetu kwa zamu. Mzee alikuwa na methali mdomoni, nilimwona, akaimeza. Mama wa viazi akasema: "Injinia, hilo hatujui. Tutaulizana, tutarudi Alhamisi."

Sijui kama alikuwa na habari kwamba tunamwita hivyo. Alicheka, na akatusindikiza mpaka langoni.

Jumatano, 14 Januari

Mkutano wa dharura, watu wanane. Daftari limefunguliwa ukurasa mpya, na juu nimeandika swali lake. Kila mtu ameandika mwenyewe, kwa mkono wake.

Mama wa viazi: gunia moja kila mwezi, liuzwe, fedha ziingie hazina, mpaka Agosti 2027. Kijana wa kwanza wa bodaboda: Ijumaa zote. Wa pili: ameacha kubeba mabango ya mgombea yeyote kwa malipo, na hiyo ilikuwa karibu robo ya mapato yake msimu wa 2022. Muuguzi: ameandika jina lake kamili, mara ya kwanza. Mwalimu: sebule yake iwe ofisi ya Njoro. Fundi: atashona bendera na fulana kwa gharama ya kitambaa tu. Mzee wa Rhonda alichukua muda mrefu. Ameandika kwamba ataacha bahasha. Kwa miaka ishirini kila msimu wa kura amekuwa akipewa bahasha na wagombea wa kila upande ili awapeleke nyumba kwa nyumba, na sote tulijua, na hakuna aliyewahi kumtajia. Ameiandika kwa herufi kubwa, akatia saini, akaniuliza kama nitaibandika kibandani. Nikasema akitaka. Akasema anataka.

Mimi: fotokopi zote za kazi hii bure, na Jumamosi zangu. Tena nimeandika kwamba sitaomba kazi ya kaunti, mimi wala mtoto wangu, katika muhula wa mtu tutakayekuwa tumemwita. Mke wangu ameisoma, akanyamaza, kisha akasema niongeze na mpwa wangu anayekaa kwetu. Nimeongeza.

Alhamisi, 15 Januari

Tumempelekea nakala, jioni, langoni. Aliipokea, akashukuru, akafunga lango. Hilo tu.

Jumamosi, 31 Januari

Saini: 2,960. Wadi: 38. Walioandika katika ukurasa wa "nitaacha nini": 214. Ukurasa huu hatukuutangaza. Watu wanauona kibandani, wanaomba kalamu. Mchuuzi wa mitumba ameacha Jumatatu moja kwa mwezi. Msichana wa chuo cha ufundi amesema hatakubali tena fulana ya bure. Kuna aliyeandika tu "nitaacha kusema haiwezekani", na nimemwomba arudi aandike kitu kinachoweza kuhesabika. Amerudi: shilingi 50 kila wiki.

Kijana wa Egerton alipita juzi. Hajarudi kundini, lakini alikaa saa mbili akanitengenezea jedwali la wadi kwenye kompyuta, lile nililokuwa nalifanya kwa rula.

Kazi za Februari. Mpango wa fedha wa kaunti unapaswa kuwa umefika bunge la kaunti ifikapo 28 Februari, na kabla ya hapo wananchi husikilizwa. Tutakwenda na masharti yetu sita pamoja na la saba, na tutayasoma kwa yeyote aliye ofisini sasa, kwa sababu mengine hayahitaji kusubiri uchaguzi. Mwalimu atasoma la fedha za wadi, muuguzi la dawa. Mzee wa chemchemi wa Keringet tumemwomba aje aseme mwenyewe kwa lugha yake, na mjukuu wake atafasiri, bila kufupisha.

Injinia hajatuma neno. Ana mwaka mmoja.

Jumamosi ijayo ni Mai Mahiu, halafu Karagita kule Naivasha. Mafuta ya pikipiki mbili yamelipwa kwa gunia la Januari.